Mlinzi wa Mlango wa Baba Mbuke

Jumamosi, Somanda. Upepo umepuliza vumbi tangu asubuhi, nguo nilizoanika zimekuwa nyekundu, nami nimenuna.

Anayeandika ni binti yangu Mbuke, blogu ni yake. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita na ng'ombe. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Mume wangu ana saratani ya damu. Si ile ya kawaida, wanasema. Hii huwapata wachache, na ina mbio. Mwezi uliopita alilazwa Mwanza, wakamtundikia dripu kali. Dawa ile inaua ugonjwa, lakini inaua na askari wa mwili, kwa hiyo tuliruhusiwa kurudi nyumbani kwa onyo: mafua ya mtu mwingine tu yanaweza kumwondoa.

Jumatatu ni siku ya kuamua. Arudi kwa dripu ya pili, ambayo huenda ikamponya na huenda ikammaliza. Au abaki hapa, ameze vidonge, aongezewe damu, apate miezi kadhaa ya utulivu. Mimi nilishaamua. Nilimjibu daktari palepale, "Atarudi," mgonjwa mwenyewe akiwa amekaa kando yangu. Hakuna aliyemuuliza.

Hata mimi.

Tangu turudi nimeweka kigoda mlangoni. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, watu huja wakamshika mkono na kukaa mpaka jua lizame. Nimewafukuza wote. Nimemfukuza mchungaji. Nimemfukuza shemeji yangu aliyeleta kuku, ila kuku nimembakiza.

Leo amekuja Masunga, aliyechunga na mume wangu tangu wote wawili wakiwa watoto wenye mapengo. Ametoka Mwamapalala kwa baiskeli.

"Shemeji, nipishe nimsalimie mwenzangu."

"Utamsalimia akipona. Pua yako inachuruzika."

"Ni vumbi hili!"

"Basi peleka vumbi lako nyumbani."

Ameweka chini mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, akageuza baiskeli. Nimeingia ndani nikijiona mwanamke wa shoka. Baba Mbuke alikuwa amegeukia ukutani.

"Mama Mbuke, Jumatatu siendi."

Nikadhani anaogopa sindano.

"Dripu siiogopi. Naogopa kurudi kwenye nyumba hii. Umeshanizika. Nilikuwa namsikia Masunga kama niko kaburini."

Nimekaa miguuni pake. Mimi, nimemzika!

Kisha nimetoka mbio, kanga inadondoka. Masunga nimemkuta kwa fundi baiskeli anajaza upepo. Nimemrudisha huku nikimtukana njia nzima, nikamsimamisha uani mbali na dirisha, nikamfunga leso puani na mdomoni. Ndipo nikafungua dirisha.

"Mwangaluka!" amepiga kelele, salamu yetu ya Kisukuma.

"Mwangaluka duhu!" amejibu Baba Mbuke, na ameinuka akakaa mwenyewe, bila mkono wangu.

"Umekonda kama ng'ombe wa kiangazi!"

"Na wewe umefungwa mdomo kama ndama anayeachishwa ziwa!"

Wamepigiana kelele kuhusu ng'ombe waliokufa zamani mpaka sauti zimewakauka. Mimi nimechemsha michembe, nimelia kidogo, moshi nimeusingizia.

Masunga alipoondoka nimemuuliza mume wangu neno ambalo nilipaswa kumuuliza kule Mwanza. Unataka nini?

Amelitazama dirisha.

"Nitajaribu mara moja tena. Moja. Nikisema basi, usibishane na daktari, usibishane na mimi. Wewe ndiye uwe wa kwanza kuniambia 'haya'."

Nimemwambia, "Haya."

Kigoda nimekitoa mlangoni, nimekiweka chini ya dirisha. Kesho Masunga atakuja tena, na leso nimeshaifua.

Mbuke, andika na hili, usilifiche. Nimeahidi, lakini moyo wangu haujaahidi. Watu wote hawa nimewaambia hapana, wala sikutetemeka. Siku atakayosema basi, nitaweza kweli kumwambia huyu mmoja "haya"?