Jina Kwenye Kanda ya Tano

Kayole,
12 Machi 1995

Baba,

Hapa sote ni wazima na mvua imeanza. Jino la kwanza la mwanangu Jacky limeota. Mume wangu Njogu anakusalimu, kama utakubali salamu zake.

Kaka Patrobas alipohamisha vitu vyako kutoka mtaa wa Umoja kukupelekea kijijini, aliniletea zile kanda ulizorekodi kwa redio yako ya kaseti, bendi ikipiga ukumbini Kariokor. Sikujua muziki unaweza kuwa hivi. Wimbo ni ule ule katika kanda zote, lakini mpiga gitaa harudii njia aliyopita wiki iliyotangulia. Siku moja anaumaliza upesi, siku nyingine anauzungusha nusu saa na watu hawataki aache. Nasikiliza nikipika, ugali unaungua.

Ila kanda ya tano imenichanganya. Juu yake uliandika Agosti 1992. Mwezi huo ndio nilioolewa na Njogu bila ridhaa yako, nawe ukakataza jina langu kutajwa nyumbani kwako. Mama alinitumia ujumbe nisije.

Katikati ya wimbo mwimbaji anawataja mashabiki na wapendwa wao, kama desturi yao. Anasema, "Ayuma, popote ulipo, baba yako anakusalimu." Nimerudisha kanda mara nyingi. Nilidhani ni Ayuma mwingine.

Halafu mtu aliye karibu kabisa na redio anakohoa na kusema, "Mtaje tena."

Baba, kikohozi hicho nakijua.

Ni mimi,
Ayuma