Mkono Nilioinua

Berlin, Jumapili

Wiebke, mke wangu,

Mimi mzima. Jana nilipanda paani kubadilisha vigae, na miaka yangu hii sabini na saba, majirani wakabaki midomo wazi. Viazi vyako vimechipua.

Sasa lile swali lako la kwenye simu, uliponipigia kutoka huko Kiel unakomuuguza Henning. Ulisema umezaliwa na moyo wa kupenda wawili, yeye na mimi. Ukaniuliza, "Na wewe, mzee kichwa kigumu, umezaliwa hivyo au ilikuwa siasa tu?" Nikacheka, nikakata simu.

Ilikuwa siasa. Unakumbuka ile nyumba yetu ya pamoja, watu kumi na mmoja tuliokataa umiliki binafsi hata wa ndoa, na mkutano wa Jumatatu tulipopiga kura Henning ahamie chumbani kwako? Nani aliinua mkono wa kwanza? Mimi! Nikasema, "Mke si mali, ndugu zangu!" Wakanipigia makofi. Mtaa mzima hapakuwa na mwanamapinduzi kama mimi. Kisha nikashuka uani nikapasua kuni za kutosha baridi nzima, na ulikuwa mwezi wa tano, baridi ndiyo kwanza imeisha.

Miaka arobaini na sita nimenyamaza. Ningesema, wangeniita bepari.

Unataka kumleta Henning afie hapa kwetu. Mlete. Supu nitampikia, na ngazi za ghorofa zote nne nitambeba mwenyewe, bado nina mgongo. Lakini usimwambie mtu tena kwamba sote watatu tumezaliwa hivyo. Mimi nilikupenda wewe peke yako.

Ni mimi,
Egon