Mkono wa Jerop

Kuresoi,
Kaunti ya Nakuru.
3 Desemba 2024

Mpendwa dada Cheptanui,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumaini wewe na shemeji mko salama huko Kanada, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi hatujambo, na viazi msimu huu vimetoka vizuri.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu ningekudanganya tena.

Jerop alipozaliwa mwaka jana uliniuliza kama mtoto ni mzima, nikasema ndiyo. Haikuwa kweli. Alikuwa mtoto mkubwa, bega likakwama wakati wa kuzaliwa, na mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia ikaumia. Mkono ulilala tu kando yake. Kabla ya kupiga kila picha niliyokutumia, nilimfunika blanketi.

Alipofika miezi mitatu, nesi wa kliniki alituandikia barua twende Nakuru kwa daktari wa upasuaji. Nilimwambia mke wangu Cherop mkono utarudi wenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa watu wa kanisa waseme nimezaa kilema. Na wewe kwa kuwa ni nesi, nilikuficha zaidi.

Mtoto alipotimiza miezi minane, mke wangu alichoka kungoja. Alimfunga mgongoni asubuhi, akaniambia, "Baba Jerop, wewe baki na aibu yako. Mimi naenda." Niliwafuata kesho yake.

Daktari alimpima, halafu akauliza, "Mlikuwa wapi miezi hii yote?" Cherop angeweza kunitaja, lakini aliniachia mimi nijibu. Nikasema, "Ni mimi, daktari. Nilikataa."

Walitoa mshipa wa fahamu kwenye mguu wake mdogo, wakaunga nao ile iliyokatika karibu na shingo. Nilikaa nje kwenye benchi na sikuweza hata kuomba.

Sasa ni miezi saba tangu Jerop apasuliwe. Jumapili iliyopita alikunja kiwiko, akafikisha kipande cha kiazi mdomoni. Cherop alilia. Bega bado halipandi sawasawa, na daktari hakunificha: tungeenda mapema, pengine lingepanda. Kila asubuhi namnyoosha ule mkono kama tulivyofundishwa. Akiumia, ananisukuma kwa ule mzima.

Nisalimie shemeji Kipyegon na mpwa wangu Mitchelle. Mama anakusalimu. Nilimkataza kukuambia, kwa hivyo usimlaumu.

Mungu awafunike huko mliko. Siku moja Jerop ataniuliza kwa nini mkono wake uko hivyo, na itabidi nimwambie. Nimeona nianze na wewe.

Mdogo wako akupendaye, hata kama ameona haya,
Kiprotich