Vibao vya Pedali za Dada Yako

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili mchana, mvua imekatika

Mpendwa Shemeji,

Hujambo huko uliko? Mgongo wako vipi? Na ule mguu uliokuwa unavimba ukikaa sana, umeupatia dawa? Watoto wanakula, wanasoma, hawakusumbui? Mimi nipo. Kifua kinakohoa vumbi la saruji kama kawaida, mikono imepasuka, na goti la kulia nikipanda ngazi na ndoo ya zege linalia kama mlango. Lakini nakula na nalala. Kwa hilo namshukuru Mungu, mengine nitamwambia nikifika.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, mkwe wangu akanisaidia pale mwandiko wako ulipojikunja. Umesema unakuja kumwona dada yako kaburini, na unataka kwenda huko ukiendesha mwenyewe gari lake, yule Kobe. Umesema vile vibao alivyokuwa anakanyagia visiguswe na mtu. Nimeelewa. Ndiyo maana naandika, maana kuna mabaya yametokea na ni bora uyasikie kwangu.

Kobe alikuwa nyuma ya choo tangu tulipomzika dada yako, amefunikwa turubai. Mwanangu, huyu tunayemwita Waya kwa ajili ya kazi yake ya simu na redio, akasema atamfufua amfanye gari la kisasa. Nikakubali. Nilidhani kufufua ni kuosha na kutia mafuta.

Tulipofunua turubai nusura nitapike. Panya wametafuna kiti cha nyuma wakazalia humo humo. Vitoto vyao vyekundu, havina manyoya, vinajinyonganyonga kwenye sponji iliyolowa mkojo. Kuku wa jirani naye alikuwa anaingilia dirisha lililovunjika, akataga pale dada yako alipokuwa anaweka sare za wanafunzi alizoshona, akienda kuzipeleka shuleni. Nikaokota yai moja, likapasukia mkononi. Nilioga kwa sabuni ya kufulia, nikajisugua kwa gunzi, na bado nilipokaa kula nilikuwa nanusa yai.

Halafu kutu. Unamkumbuka yule fundi bodi aliyetuambia ametuwekea bati jipya chini? Muongo mkubwa. Alijaza magazeti kwenye tundu, akasiliba puti, akapaka rangi. Tumebandua kwa mkono. Dada yako miaka yote ile alikuwa anaendesha juu ya magazeti, na mimi nimekaa pembeni yake nikidhani chini kuna chuma. Nikimwona mtu yule leo sitamsalimia. Nitavuka barabara nisije nikamtapikia.

Basi Waya akaanza. Injini ikaning'inizwa kwenye mabomba yangu ya jukwaa la ujenzi mbele ya jiko, ikawa inadondosha oili nyeusi kama pua ya mtoto. Mkwe akaanua shuka zina madoa, akaacha kuongea na mumewe Waya. Alikuwa anamwambia paka, paka ndiye apeleke ujumbe. Nikienda kunywa maji, bilauri ina petroli. Nikilala, mto una petroli. Nilichoka mpaka nikawa nakwenda kazini mapema ili nikanuse saruji.

Sasa ngoja nikuambie huo usasa wenyewe. Rangi ni ya kijani, kama dawa ya meno. Viti amevivika ngozi ya bandia, ukikaa na jasho ukitaka kuinuka unabanduka kama plasta kwenye kidonda. Chini ya gari ameweka taa za buluu. Nikamuuliza zinamulika nini huko chini, mende? Akasema ni urembo.

Na kuna sauti ya mwanamke. Ukikaa tu inakuambia funga mkanda. Ukifungua mlango inakuambia mlango uko wazi, kana kwamba wewe kipofu. Shemeji, ndani ya gari lile mwanamke wa kunigombeza alikuwa mmoja. Nikamwambia Waya azime upuuzi huo. Akasema ukiuzima huo na taa za mbele zinazimika, kaviunga pamoja na sasa hajui aviachanisheje. Huyo ndiye fundi wangu.

Injini nyingine, giaboksi nyingine. Otomatiki. Eti mkwe ajifunze kuendesha, na mimi pia nijifunze uzeeni hivi. Nikamwambia mimi katika gari hili nina kazi mbili na nazijua. Ya kwanza kusukuma, kwa sababu Kobe hakuwaka asubuhi hata moja bila mgongo wangu. Ya pili kushika viatu. Wewe unajua dada yako alikuwa haendeshi na viatu. Anavivua, ananiwekea mapajani, kisigino kimoja kinanichoma tumbo, na nikithubutu kuviweka chini naambiwa nitavichafua. Nimebebeshwa viatu vile hadi hospitali.

Ikafika siku ya kumtoa Kobe nje. Majirani wamesimama, Waya amevaa miwani ya jua. Akabonyeza kitufe, kimya. Betri imekufa. Mimi nikaenda nyuma, mkwe akashika nguzo ya mlango, kinyozi wa jirani akaacha kichwa cha mteja nusu akaja upande wake ule ule wa zamani. Pale kwenye buti palikuwa na mabonde mawili ya viganja vyangu, Waya ameyajaza puti. Mikono ikateleza, nikagonga kidevu. Puti tena. Damu mdomoni nikasukuma hivyo hivyo, tukateremka mpaka chini kwenye mfereji, na Kobe hajakohoa hata mara moja.

Waya alikuwa ndani anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mkwe akasahau kwamba wamenuniana, akamuuliza mbona hatii gia.

"Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa," akasema.

Alikuwa anajua tangu mwanzo. Anasema aliona tunavyokimbilia sehemu zetu akashindwa kutukatiza. Kinyozi akamwambia, "Mwanangu, siku ukija kunyolewa utanikuta na mimi nina raha ya kucheka." Tukamrudisha Kobe kwa kusukuma, safari hii kupanda.

Ndipo nilipoinama kuangalia chini ya usukani, nione gari lisilo na klachi linafananaje. Pedali mbili mpya zinang'aa. Vibao havipo.

Vile vibao nilivikata mwenyewe, vitatu, kutoka kwenye ubao wa kumwagia zege, mara tu dada yako aliponunua gari akakuta miguu haifiki. Kimoja kwa kila pedali. Akavikanyaga peku miaka yote mpaka vidole vyake vikachimba vishimo. Hakuna picha ya dada yako inayofanana naye kama vile vishimo. Nikamuuliza Waya viko wapi vibao vya mama yake.

"Vile vijiti, baba? Si nilitupa na pedali za zamani."

Vijiti. Nilimwangalia mwanangu nikaona kinyaa kuliko siku ya panya. Sikumpiga, ni mtu mzima. Nilitema mate yenye damu chini nikaenda kwenye jalala la nyuma nikafukua. Makopo ya rangi, matambara, sponji ile ile ya mkojo. Hamna. Nikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akasema pedali alichukua, ila mbao hana kazi nazo, alizigonga zikatoka akaziacha pale pale uani kwangu.

Nikarudi nikamuuliza mkwe. Akafunika uso kwa khanga. Aliona vipande vya mbao kavu vimelowa oili, akawashia jiko. Vinawaka vizuri, akasema, na hapo hapo akatamani asingesema. Nilipikiwa uji juu ya vibao vile, Shemeji, nikanywa nikaomba kuongezwa.

Lakini simlaumu. Alikuta takataka akafanya linalofanyiwa takataka. Na ni yeye aliyekumbuka kwamba aliwasha viwili tu. Cha tatu alikuwa amekitia chini ya mguu wa meza ya jikoni, ile inayoyumba. Nikakichomoa. Sahani zikateleza, moja ikavunjika.

Nikakipeleka kwenye mwanga. Shimo la kidole gumba liko upande wa kulia. Basi ni mguu wa kushoto. Kilichobaki ni cha klachi, na gari halina klachi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikakishika tu. Nilitaka kukuandikia usije.

Waya akatoka ndani na drili. Hakuomba msamaha na mimi sikumpa. Alisema kibao kikikaa vibaya kwenye breki kitaua mtu, kwa hiyo kitakaa vizuri au hakikai. Nikashika mbao, akatoboa. Tumekifunga kwenye breki kwa boliti nne na kipande cha bati nyuma yake, bati la kweli, nimeligonga kwa nyundo nikalisikia. Pedali ya mafuta nimeikatia kibao kipya cha mbao ya zege kama ile ya zamani. Waya akatia betri nyingine, akaendesha mpaka kwa kinyozi na kurudi, magoti yamegusa masikio. Breki imeshika. Ile sauti ya mwanamke ikawa inamwambia mlango uko wazi, na huku mlango umefungwa.

Kwa hiyo njoo. Miguu yako ni mifupi kama yake, utafika. Ila mguu wa kulia utakuta shimo la kidole liko upande usiotakiwa, litakusumbua. Usilipige msasa. Zoea. Na kile kipya ni laini, hakina mtu bado.

Msalimie mumeo, mwambie asikutume na chumvi ya kuogea tena, mkwe aliitia kwenye mboga. Msalimie mama mkubwa, na jirani yenu Kidevu kama amerudi kazini. Waya na mkwe wanakusalimu. Wanaongea sasa, paka amepumzika.

Siku hiyo mimi nitakaa kwenye kiti changu cha pembeni, nitabanduka nikibanduka. Peku endesha, ruhusa. Lakini viatu vyako utaviweka mwenyewe chini ya kiti. Mapajani mwangu sishiki tena vya mtu.

Mungu akulinde njiani na akupe madereva wasiolala.

Ni mimi, ninayekupenda bila maneno mengi,

Shemeji yako, msukuma Kobe