Bei ya Ukucha wa Baba

Jumatatu, 3 Januari 1994

Dirisha la malipo limefunguliwa leo, na aliyekaa ndani ni mimi! Kuchangia huduma, ndivyo wanavyoita. Kutwa nzima nimetukanwa. Mama mmoja wa Chala kaniuliza hospitali nimeinunua lini. Kumwona daktari kuna bei yake, kushonwa kuna bei yake, kutoa ukucha mia tano. Mpaka ukucha! Nilicheka peke yangu niliposoma ile karatasi ukutani. Lakini wenzangu wangapi walipunguzwa kazi mwaka jana? Nitakaa hapohapo.

Jumatano, 12 Januari

Baba kaja. Nilimwona mwisho wa foleni, fimbo mkononi, mguu wa kulia umefungwa kitambaa. Maksai kamkanyaga wakati wa kulima. Ukucha wa dole gumba umevunjika, kipande kimezama kwenye nyama. Eustace, daktari wetu wa vidonda, alishamtazama na kusema ni jambo dogo: ganzi, ukucha unatoka, sindano ya pepopunda, jioni mzee yuko zake nyumbani Msanzi. Ila akalipe kwanza dirishani.

Dirishani nipo mimi.

Sisi nyumbani tunaongea Kifipa. Leo baba kakiacha, kasema Kiswahili, tena kwa sauti ya mkutanoni, ili foleni nzima isikie. Kwamba yeye kawa balozi wa nyumba kumi tangu mimi sijaanza shule. Kwamba aliwahi kumfukuzisha kazi mganga wa zahanati aliyedai kuku kabla ya kumtibu mtu. Kwamba anayetaka hela ili mgonjwa atibiwe anakula rushwa, hata kama ni mtoto wake wa kumzaa!

Nikamwambia baba, huu ni utaratibu mpya, serikali ndiyo imesema. Akajibu kwamba serikali ingesema, yeye ndiye angepelekewa habari awatangazie watu.

Hela alikuwa nayo. Mama alimfungia kwenye leso, niliiona ikichungulia mfukoni. Nikasema basi, nalipa mimi. Akanitazama – afadhali angenizaba kofi. Halafu akatoa kifuko cha maharage, akanipitishia hapo dirishani. Kasema hiyo si hongo, ni chakula, mtoto wake asilale njaa. Akaondoka anachechemea.

Watu kibao walikuwa bado kwenye foleni. Sikumfuata. Jioni nimechambua yale maharage huku nalia kama mtoto.

Ijumaa, 14 Januari

Nimelipa. Nimeandika risiti kwa jina lake, Kasmir, nikampa dereva wa lori la Msanzi ampelekee. Eustace kanisisitizia: dole limekanyaga udongo na samadi, sindano ni muhimu kuliko hata ukucha wenyewe. Pepopunda haichezewi, Gaudiosa.

Atakuja. Baba hapendi kitu kilicholipiwa kiharibike bure.

Jumatano, 19 Januari

Hajaja. Dereva anasema mzee aliisoma risiti mara mbili, akaichana. Kisha akaita majirani na kuapa mbele yao kwamba hajamhonga mtu yeyote, na hajui jina lake limefikaje kwenye ile karatasi. Mungu wangu! Mimi nilidhani namsaidia. Kumbe nimemvua nguo mbele ya watu wake.

Jumapili, 23 Januari

Misa nimeikosa. Nimepanda lori alfajiri, tope mpaka kwenye ekseli, tumesukuma mara mbili. Baba nimemkuta kibarazani amenyoosha mguu.

– Shikamoo, baba.

– Marahaba, bibi wa dirishani.

Kasema kwa utani, lakini hakucheka. Mama kaniangalia nisijibu.

Ukucha keshautoa! Kautoa mwenyewe, kwa koleo la kukazia nyaya za plau, akaosha na maji ya chumvi. Kidonda kimeanza kukauka. Ananionyesha dole kama mtu aliyeshinda kesi. Bure, anasema, umeona? Bure!

Nikampigia magoti. Baba, ukucha sawa, sindano je? Akaniuliza taratibu kabisa, kwa Kifipa safari hii, kama hiyo sindano nayo inapitia dirishani kwangu.

Ningemdanganya. Kwa nini sikumdanganya? Baba akageukia mambo ya mbolea. Mama alinisindikiza barabarani, akaniambia nisijiumize, kidonda kinapona, baba yako unamjua. Nikataka sana kumwamini.

Jumanne, 1 Februari

Wameletwa na lori lilelile. Nilimwona mama kwanza, hana kilemba, kanga imelowa mvua. Baba kalazwa juu ya magunia. Mama anasema tangu Jumapili baba hafungui mdomo, uji unamwagikia kifuani. Walidhani ni jino.

Eustace hakuuliza risiti wala nini. Alimgusa taya, akasema apelekwe kitandani sasa hivi, mambo ya malipo baadaye. Wakampitisha mbele ya dirisha langu mbiombio.

Kaingia bure. Kashinda! Angekuwa anaweza kusema angewatangazia wote. Meno yameumana, midomo imevutika, ukimwona utadhani anatabasamu. Hatabasamu.

Jumatano, 2 Februari

Wamemweka peke yake, chumba chenye giza. Mapazia ya blanketi. Nesi kasema hakuna kuongea, hakuna kuburuta kiti, hata mlango usibamizwe. Kelele yoyote inamletea mishtuko.

Nimeingia peku. Usiku wote nilipanga maneno: kwamba hela ya watu sijala, kwamba nimetumwa tu, kwamba nampenda. Alikuwa macho. Aliniona. Nikasahau yote, nikasema neno moja, kwa sauti ndogo kabisa – Baba.

Mgongo wake ulinyanyuka kitandani. Mwili mzima ukakakamaa, jasho likamtoka, na ile sauti iliyokuwa ikipita katikati ya meno sitaki kuiandika. Mimi ndiye niliyefanya hivyo! Nesi akanivuta mkono. Mama kabaki ndani. Mama anajua kukaa kimya.

Nimerudi kazini maana sijui pengine pa kwenda. Mkuu kanikumbusha kwamba leo foleni ni ndefu. Mtu wa kwanza kaniamkia vizuri tu, kauliza kumwona daktari ni shilingi ngapi. Nimefunga dirisha, naandika hapa hapa mezani.

Wameanza kugonga. Kwanza kwa kidole, sasa kwa kiganja. Dada! Dada, fungua, tuna wagonjwa! Chumba cha baba kiko nyuma ya ukuta huu huu. Wanagonga tena – nifungue, niwauzie, wanyamaze –