Matanga ya Kapu la Omena

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Busia tu wazima. Babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani, na kitanda chako nakitandika kila Jumamosi kana kwamba unakuja kesho.

Umeniuliza, wewe unayesomea haki za binadamu huko mbali, kama wimbo umewahi kumwokoa yeyote. Kumwokoa sijui. Ila siku moja askari wa mpakani walimnyang'anya rafiki yangu Athieno kapu lake la omena, wale dagaa wa ziwani, bila kosa lolote. Hakubishana. Aliketi barabarani, akailaza kwenye leso ile kata ya kitambaa aliyobebea mzigo kichwani, akaanza kuiimbia wimbo wa matanga. Kwetu huwezi kumpita mfiwa. Wapita njia wakatua mizigo, nasi wachuuzi tukaitikia. Askari mmoja, mzaliwa wa Nabuyoga, aliyezijua mila hizi, akajikuta amevua kofia. Mtu akishavua kofia mbele ya msiba wako, atakuambiaje kwamba hukupoteza kitu? Kapu likarudi.

Athieno tulimzika mwaka huu. Kaburini niliujaribu wimbo ule, sauti ikanikauka. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha.

Njoo Krismasi, Nekesa, uanzishe wewe. Kuitikia bado naweza.

Nyanya yako