Dawa za Monica

Manzese, Dar es Salaam
Jumatano, 17 Septemba

Mpendwa kaka Gervas,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi Margareta na watoto wote, na kwamba lile goti halikusumbui sana msimu huu wa kuchuma kahawa. Sie huku tunapumua. Mama hajambo. Mkono uliovunjika ulifunguliwa hogo la plasta wiki iliyopita, na vidole vinakunjika vizuri, ingawa analalamika kwamba hawezi bado kukamua nguo. Anawasalimu sana, na anauliza kama wifi alipata ile mbegu ya maharage.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na kila ukianza kunishukuru naishia kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo nimeona niandike, ili usinikatize, na mie nisijikatize. Mzee Albano anasafiri kesho kurudi Mbinga, nitampa akufikishie mkononi.

Nianze na habari ya bima, maana uliisikia vipande vipande. Unakumbuka mama alipopata kiharusi, halafu kikafuata kile kifafa, daktari alimwanzishia dawa moja ya boksi la bluu. Kwa miaka mitatu kadi ninayopewa kazini kwetu, kwenye kampuni ya ngozi huku Vingunguti, iliilipia bila maneno, na mama hakuanguka hata mara moja. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikafika dirisha la dawa kama kawaida, mfamasia akaniambia bima imeikataa. Wamebadilisha utaratibu. Sasa wanalipia dawa mbadala, yenye kiini kilekile lakini ya kiwanda kingine. Anayetaka ile yenye jina ajinunulie, na wewe unajua mshahara wa karani hauwezi kujinunulia.

Sikukubali, kaka. Nilikwenda ofisini kwao mara nne, kila mara naomba ruhusa kazini, hadi bosi akaniuliza kama nimehamia bima. Dada wa pale dirishani, anaitwa Vaileth, tulizoeana mpaka akawa ananiuliza hali ya mama kabla sijakaa. Aliniambia kwa upole kwamba ndani ni dawa ileile, ni jina tu nimelipenda. Nikamjibu kwamba mama yangu hapendi jina, anapenda kusimama kwa miguu yake. Daktari akaniandikia barua akieleza kuwa wagonjwa wengi hawapati shida na dawa mbadala, ila kwa ugonjwa huu wapo ambao mwili unagoma ukibadilishiwa, na kwamba mama ameanza kuchezwachezwa na mdomo na vidole tangu abadilishiwe. Barua ile ilikaa kwao wiki sita. Jibu likaja kwenye simu, mstari mmoja: ombi lako halikukidhi vigezo. Nililisomea chooni kazini, ili nipate mahali pa kulia.

Basi Monica akasikia. Unajua mdogo wetu alivyo, mambo humjia kama maji yanavyofuata mfereji. Mumewe, Adelard, kule Kurasini kwenye kampuni yao ya kutoa mizigo bandarini, wana bima ya kampuni nyingine, na mfanyakazi anaruhusiwa kumwandikisha hata mama mkwe. Alimwandikisha. Siku tisa tu, kadi ikatoka. Jumapili moja ya mwezi wa nne, baada ya misa, Monica akaingia na maboksi ya bluu, kitenge kipya, na keki.

Mama aliyashika yale maboksi kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Akasema, Monica, umenitoa kifungoni. Mie nilikuwa uani nasugua sufuria, nikayasikia maneno hayo yote. Alimwita kitindamimba wangu, akampigia simu Sesilia wa jumuiya papo hapo kumweleza alivyo na mtoto mwenye akili. Jioni Monica alipoondoka, mama akaniambia nami nijifunze kwa mdogo wangu, ambaye hahangaiki, yeye anatenda.

Kaka, ni mie ninayemwogesha mama. Ni mie ninayejua anapendelea uji wa ulezi usiwe mzito, na kwamba akinyamaza sana asubuhi ni dalili mbaya. Miaka minne. Monica huja Jumapili amenukia, anakaa saa mbili, anaondoka na baraka zote. Nimekuwa nikimwonea wivu tangu tukiwa wadogo, tangu yeye alipoendelea na shule mie nikaambiwa nisubiri mwakani, na huo mwaka haukuja. Nilidhani umri utaufuta. Umri haufuti, unaupa tu mahali pazuri pa kukaa.

Mwezi wa saba, tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi, mama akaanguka bombani. Jirani yangu Mwanaheri ndiye aliyemkuta, nyusi imepasuka na mkono umevunjika kwenye kifundo. Akampakia kwenye bajaji, akanipigia kazini. Hospitalini daktari aliuliza mgonjwa anatumia dawa gani, na Monica, aliyefika kabla yangu, akajibu kwamba anatumia ile yenyewe ya boksi la bluu tangu mwezi wa nne. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwacha amalize.

Yaliyofuata unayajua, kwa kuwa yalitoka kwako. Ulimpigia Monica, ukidhani kaleta dawa mpya, ukamwambia dawa zake za kitajiri nusura zimzike mama, na kwamba amekimbilia sifa badala ya kumsikiliza dada yake anayejua ugonjwa. Mie ukanitumia ujumbe mrefu. Uliandika kwamba mama asihamishwe kwangu kamwe, kwa sababu mie ndiye nguzo. Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi mno. Siku ya kwanza niliusoma kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane tukamrudisha mama kliniki. Tulimwacha nje kwenye benchi na Mwanaheri, tukaingia mie na Monica. Daktari akatuambia kwamba, kwa kuwa ameanguka akiwa anatumia dawa ile ya mwanzo, maana yake imemshinda. Ataiachisha, amwanzishie nyingine yenye nguvu zaidi, japokuwa ina tabia ya kuchosha ini na kumlaza mtu mchana kutwa. Alisema kwa umri wa mama hapendi kumpa, ila hana njia nyingine. Akavuta karatasi yake, akaanza kuandika.

Nilimtazama akiandika herufi ya kwanza, ya pili. Kisha nikasema, daktari, ngoja. Mama hajawahi kuzinywa dawa za Monica.

Ndivyo ilivyokuwa, kaka. Zile za boksi la bluu nilizifungia kabatini chini ya mashuka, miezi yote mitatu, bila kufungua hata boksi moja. Kila asubuhi nilimpa mama zile mbadala nilizochukua kwa kadi yangu, naye macho hayaoni vizuri, anapokea nilichompa kwenye kiganja. Nilijiambia ni wiki moja tu, mpaka hasira zipoe. Halafu mama akawa anasema, tangu Monica aniletee dawa najisikia mwepesi, huku anakunywa za kwangu, za kuhangaikia kwangu. Kila aliposema hivyo nilicheka kimoyomoyo, na sikuweza kuacha. Alipochezwa na mdomo nilimfuta mate, nikamwambia ni uchovu. Monica akiuliza kwenye simu, nilimjibu hajambo kabisa.

Daktari aliweka kalamu chini. Hakunifokea, nadhani ningeona nafuu kama angefoka. Alisema basi mama arudi kwenye ile ya mwanzo, tuone. Monica hakunitazama. Aliuliza jambo moja tu. Alisema, "Tangu lini, dada?" Nikamjibu tangu siku ile ile alipozileta. Akachukua mkoba wake, akatoka. Nilipotoka nami nilimkuta amepiga magoti mbele ya mama anamfunga viatu. Mama aliuliza daktari amesemaje, Monica akamjibu kwamba amesema dawa iendelee, na kwamba akapumzike kwake Kurasini kwa muda, dada naye apate kulala.

Mama yuko kule hadi leo. Ni wiki ya sita anazinywa zile dawa, na hajachezwa hata kidole.

Jumapili iliyopita nilimuuliza Monica kwa nini hakukuambia, ilhali wewe bado unamnunia na hupokei simu zake. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso. Akasema, "Nimwambie nini kaka? Wewe ndiye uliyemwogesha mama miaka minne."

Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani sijavua hata viatu. Alikuwa na fimbo ya kunichapia maisha yote, akaiweka chini. Mie nisingeiweka. Najijua. Na hata hilo, kaka, nikamwonea wivu. Nimekaa na dhambi yangu nikakuta hata wema wa kunisitiri ni wake.

Sasa nakuomba mawili. Ukimaliza kusoma hapa mpigie Monica umwombe radhi, usimweleze sana, umwombe tu. Na la pili, mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe Jumapili hii baada ya misa, Monica akiwepo. Akisema harudi tena Manzese nitamfungia nguo zake nimpelekee. Akitaka kurudi nitampokea, na boksi la bluu litakaa mezani.

Sikuombi uniite nguzo tena. Ukiwa na maneno makali niandikie, nitayasoma yote.

Nisalimie sana wifi Margareta na watoto, na majirani wa kule juu wote wanaoniulizia. Mungu awalinde, mmalize mavuno salama.

Dada yako,
Editha